Ukija Unguja na watoto, uliza maji kwanza

Wazazi wanaotaka kuja Unguja na familia huniuliza hoteli gani nzuri, boti ya saa ngapi, gari shilingi ngapi. Mimi huwauliza: mwezi utakuwa na siku ngapi? Wengine hucheka, wakidhani nataka kuwapigia ramli. Lakini bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na karibu kila unachotaka kuwaonyesha watoto, kuanzia fungu la mchanga la Nakupenda hadi vijana wanaojirusha baharini kwenye bustani ya Forodhani mjini, kinategemea maji yako wapi saa hiyo. Familia inayopanga siku zake kwa kufuata maji huona mengi bila kukimbizana. Isiyofuata hulipa hoteli ya ufukweni, ikawavisha watoto nguo za kuogelea, ikashuka pwani na kukuta bahari imekwenda zake kilomita nzima.

Mimi ni mtu wa Kikwajuni, mume wangu anaendesha gari ya watalii, na skuli zikifungwa Juni na Disemba nyumba yetu hujaa watoto wa ndugu zetu wa Dar na Morogoro. Haya ndiyo ninayowaambia wazazi wao kwenye simu kabla hawajakata tiketi.

Hesabu ya maji

Huhitaji kuwa mvuvi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ndilo bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti yake yaweza kukaribia mita 4. Siku hizo pwani zetu hupwa mnamo saa 4 au 5 asubuhi, na hujaa mnamo saa 10 au 11 jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na saa zinageuka: asubuhi ile ile ya saa 4 unakuta maji yamejaa, na alasiri yamepwa. Kati ya siku na siku, saa husogea mbele kwa karibu dakika 50.

Kama nyumbani mna kalenda ya Kiislamu ukutani, hesabu mnayo tayari. Tarehe 1 na 15 za mwezi ni bamvua, tarehe 8 na 22 ni maji mafu. Asiye nayo atafute kwenye simu jedwali la maji la bandari ya Zanzibar, au ampigie mtu yeyote anayeishi pwani; hata mtoto wa darasa la tatu wa Jambiani atakujibu.

Wengi hudhani bamvua ni wakati mbaya kwa watoto kwa sababu wamesikia neno "maji makubwa". Mimi nawaambia waje bamvua hasa. Asubuhi, wakati watoto wana nguvu, bahari imepwa na pwani yote ya mashariki imekuwa uwanja wa kutembea. Mchana wanakula na kulala. Saa 10 alasiri maji yamerudi, jua limepoa, wanaogelea mpaka karibu na magharibi. Wiki ya maji mafu mambo yanakuwa kinyume, na saa nzuri ya kuogelea inaangukia kwenye jua linalopanda. Inawezekana, ila utakuwa unapaka mafuta ya jua na kugombana kuhusu kofia asubuhi kucha.

Boti na matapishi

Boti ziendazo kasi kutoka Dar huchukua kama saa 2. Kata tiketi dirishani mwenyewe, si kwa kijana aliyekupokea mizigo nje ya geti, na uwe na kitambulisho chako na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Vitambulisho hivyo hivyo vitakusaidia huku, kwani viingilio vya Mtanzania na vya mgeni havifanani hata kidogo. Kama mnafuatana na ndugu wanaoishi ng'ambo wenye pasi za huko, waambieni mapema kwamba tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya serikali ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, na bima aliyokatia kwao haiwi badala yake.

Watoto hutapika kwenye boti. Si wote, lakini mmoja akianza wa pembeni anafuata. Chai ya tangawizi na mkate mkavu ndiyo kifungua kinywa cha siku hiyo. Chapati na maharage mtakula mkifika. Kaeni sitaha ya chini, nyuma kidogo ya katikati, ambako boti haiyumbi sana. Katuni kwenye simu marufuku. Macho yakikodolea kioo huku mwili unapandishwa na kushushwa, tumbo haliwezi kuvumilia. Mtoto atazame nje, mbali, mahali mbingu inapogusana na bahari. Wafanyakazi wa boti hupita na mifuko ya kutapikia. Chukua kabla hujahitaji.

Msimu una neno lake pia. Kuanzia Juni hadi Agosti kunavuma kusi, na bahari huchafuka. Mkija kutoka Dar upepo uko nyuma yenu na safari huwa ya kustahimilika, lakini mkirudi mnaupinga uso kwa uso, kwa hiyo aliyekuja bila kutapika asijitape. Disemba hadi Februari ni kaskazi, bahari nyepesi zaidi kwa kawaida, joto kali. Aprili na Mei ni masika. Hoteli hushusha bei na mvua hukueleza sababu. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza tahadhari ya upepo mkali baharini, ahirisha, hata kama chumba kimeshalipiwa. Watu wa huku hatujazisahau meli zilizozama, Spice Islander ya Septemba 2011 na Skagit ya Julai 2012.

Mkilala wapi

Unguja ina urefu wa kilomita zipatazo 85, hivyo kwenye ramani kila kitu kinaonekana karibu. Kutoka mjini hadi Nungwi ni kama kilomita 60, na ukiwa na watoto wanaotaka kujisaidia kila kijiji hiyo si safari ya nusu saa. Usihame hoteli kila siku. Laleni mjini usiku wa kwanza na wa pili, kisha chagueni pwani moja mkae huko mpaka mwisho.

Uchaguzi wenyewe ni huu. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayaendi mbali, hasa Kendwa. Unaweza kuoga karibu saa yoyote. Kwa hiyo ndiko kwenye watu, muziki na mapapasi wanaokuuzia safari za baharini kabla hujakaa chini. Pwani ya mashariki, yaani Matemwe, Kiwengwa, Bwejuu, Paje na Jambiani, kuna mwamba mbali mbele unaovunja mawimbi, na nyuma yake maji ni ya kina kifupi, yanayokauka yakipwa. Mwenye vijana wa sekondari wanaotaka kuogelea kutwa aende Kendwa. Mwenye watoto wa chekechea na msingi, mimi namwelekeza Jambiani bila kusita.

Mjini

Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, mtembee asubuhi mapema, saa 2 mkiwa tayari nje, kwa sababu vichochoro vina kivuli na pikipiki bado chache. Mtoto wa miaka saba hajali historia ya masultani, lakini anapenda kazi. Mpe mmoja atafute milango yenye tao juu, mtindo uliotoka Uhindini, na mwengine atafute yenye kichwa cha mraba, mtindo wa zamani wa Kiarabu. Halafu wakaribie wasome nakshi: samaki, minyororo, mayungiyungi. Wataulizia ile miiba ya shaba milangoni. Waambie asili yake ni milango ya Uhindini, ya kuzuia tembo wasiivunje, kisha waache wabishane wenyewe tembo gani wa Unguja.

Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Mlitazame kwa nje, na kama mna hamu ya kuingia ulizeni kwanza. Jirani yake Ngome Kongwe ina kuta nene na uwanja wa kukimbia, na kwa watoto uwanja ndio kivutio.

Kuna sehemu moja mzazi lazima aifikirie kabla hajafika: Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Mimi sioni kwamba watoto wafichwe. Ila wasikutane na habari hiyo kwa mara ya kwanza wakiwa wameinama ndani ya chumba cha chini chenye dari fupi na giza, mgeni akiwaelezea minyororo. Zungumza nao usiku uliotangulia, kwa maneno machache: watu waliibwa makwao, wakiwemo watu kutoka Kigoma na Ziwa Nyasa, wakauzwa hapa, na watu wazima walijua ni dhuluma na wakafanya hivyo hivyo. Kisha siku ya pili waoneshe sanamu za nje, zile za watu waliofungwa shingoni ndani ya shimo, na ingieni kanisani. Madhabahu iko mahali panaposimuliwa kuwa palikuwa pa kuchapia. Humo humo kuna nguzo ambazo mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu, na mtoto akishaambiwa hivyo atazunguka kanisa zima kuzitafuta. Vyumba vya chini, walio chini ya miaka minane au tisa wabaki juu na mmoja wenu. Mkitoka msirudi hotelini mkanyamaza. Soko la Darajani liko hatua chache tu. Nendeni mnadani kwa samaki, mkanunue shokishoki kama ni msimu wake, watoto waulize maswali yao huku wakimenya.

Jioni ni Forodhani. Siku za bamvua fikeni saa 10 na nusu, wakati maji yamepanda ukutani. Vijana hukimbia kutoka mbali, wakaruka, wakajipindua hewani, mmoja baada ya mwengine, na anayeangukia tumbo huzomewa na pwani nzima. Shika mkono wa mwanao mdogo, maana ukuta ule ni mrefu kwenda chini. Siku za maji mafu saa hizo bahari iko chini na hakuna anayeruka; njooni baada ya magharibi kwa ajili ya chakula tu.

Kuhusu chakula chenyewe, zungukeni meza zote kwanza bila kununua. Mishikaki ya pweza na kamba iliyopangwa vizuri chini ya taa hupendeza, lakini uliza imepangwa tangu saa ngapi, na itakayochaguliwa irudi motoni mbele yako. Bei iulizwe kabla ya sahani. Watoto wape Zanzibar pizza inayopikwa hapo wakiitazama, na juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi. Urojo ni wetu wakubwa.

Changuu na Nakupenda

Hii ni safari moja ya nusu siku, na hapa ndipo hesabu ya maji inalipa. Nakupenda ni fungu la mchanga katikati ya bahari, hakuna mti wala kibanda, na maji yakijaa linazama lote. Kwa hiyo siku ya bamvua: ondokeni mjini saa 2, muende kisiwa cha Changuu, na mnamo saa 4 mkavuke hadi kwenye fungu likiwa limetoka lote. Saa 6 muwe mnarudi. Nahodha akikuambia twendeni mchana tu, hakuna shida, muulize maji yamejaa saa ngapi na utazame uso wake.

Kabla mtoto hajakanyaga boti, omba jaketi okozi la ukubwa wake. La mtu mzima humtoka kichwani akitumbukia, halimsaidii kitu. Kama hakuna la mtoto, zipo boti nyingine pale pale pwani. Usione haya.

Changuu kuna jela iliyojengwa miaka ya 1890 ambayo haikupata kufunga wafungwa. Ikawa mahali pa kuwatenga wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi. Watoto hawatakumbuka hilo. Watakumbuka kobe. Wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, ni wa jamii ya Aldabra, na wengine wameandikwa umri wao mgongoni kwa rangi. Wape watoto majani wawalishe, kisha wafundishe hivi: asimame pembeni, si mbele, amkune kobe taratibu chini ya shingo, kwenye ile ngozi iliyokunjamana. Kobe mwenye raha huacha kutafuna. Anajiinua kwa miguu yote minne, pole pole, gamba zima linapanda, shingo inanyooka juu kama mkono wa mtu anayeomba ruhusa darasani, na anabaki hivyo macho nusu wazi. Mtoto wa dada yangu, ambaye hawezi kukaa kimya hata msikitini, alimkuna mmoja mpaka tukamwita kwa ukali. Kumpanda mgongoni hapana, hata kwa picha.

Fungu la mchanga halina kivuli, msilisahau hilo. Mwavuli, kofia, fulana za mikono mirefu za kuogea nazo, na maji ya kunywa mengi kuliko mnavyodhani.

Njia ya kwenda Paje

Siku ya kuhamia pwani msiipoteze barabarani. Jozani iko njiani, kama kilomita 35 kutoka mjini, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004. Humo wanaishi kima punju, wekundu mgongoni, na nywele nyeupe zimesimama kichwani, ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa visiwa hivi. Mara nyingi hamhitaji hata kuingia ndani sana. Wanakula mashambani kandokando ya barabara, ndiyo maana kuna matuta mengi pale, maana zamani magari yaliwaua mno. Waambie watoto wahesabu vidole: kima huyu hana dole gumba la maana mkononi. Na hali tunda lililoiva, tumbo lake halimudu sukari. Anapenda majani machanga na matunda mabichi, na hula makaa ya kuni ili kupunguza sumu ya majani anayokula. Mtoto anayechagua chakula nyumbani atamwelewa.

Msiwape kitu, na msiwasogelee hata kama wao wanawasogelea. Baada ya hapo muombeni mtembezaji awapeleke kwenye daraja la mbao kati ya mikoko. Maji yakiwa yamepwa mtaona kaa wanatoka mashimoni chini yenu. Yakiwa yamejaa mtaona samaki wadogo kati ya mizizi. Hapo tu ndipo maji hayana ubaya saa yoyote.

Asubuhi ya maji kupwa, Jambiani

Kama mtafanya jambo moja tu katika yote haya, fanyeni hili. Tokeni saa 3, maji yakiwa bado yanashuka, na muyafuate. Kila mtu avae viatu vya plastiki vinavyobana mguu, si ndala, kwa sababu kwenye mawe na majani wanajificha wale wadudu weusi wa miiba mirefu, na mwiba wao ukikatikia kwenye unyayo likizo ya mtoto imekwisha. Mgongoni maji ya kunywa na kanga ya kufunika kichwa.

Kwenye vidimbwi kuna viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, vya rangi nyekundu na vya kijivu, majongoo bahari, kaa wanaokimbia ubavu, samaki wadogo walioachwa na maji. Vinatazamwa, vinaguswa kwa kidole kimoja, vinaachwa ndani ya maji. Kiti cha pweza kinachoinuliwa juu kwa ajili ya picha kinaumia. Makombe pia yabaki, nyumba ya mtu hiyo.

Mbele kidogo mtakuta wanawake kwenye mashamba ya mwani: vijiti vimechomekwa mchangani kwa mistari, kati yake kamba, na kwenye kamba vishada vya mwani vimefungwa kimoja kimoja. Kilimo hiki kilianza kibiashara pwani hii mwaka 1989, na kimesomesha watoto wengi. Pitieni pembeni, msiruke kamba. Salimieni vizuri, mtoto aseme shikamoo, na muombe kabla ya kutoa simu kupiga picha. Wakiwa na nafasi watamwita mtoto akafunge kishada. Fundo lake ni jepesi kulitazama, gumu kulifunga, na maji ya magotini, na mama anayemfundisha anafunga matano wakati mwanao hajamaliza moja. Mwani unauma ngozi za mikono yao na jua linapiga. Ukisimama pale dakika kumi hutauliza tena kwa nini sabuni ya mwani inauzwa bei ile dukani.

Sasa jambo ambalo sitaki ulisome haraka. Maji yanaporudi hayaji kwa mstari kama watu wanavyodhani. Yanaingia kwanza kwenye mifereji na mabonde, na mengi ya mabonde hayo yako nyuma yako, kati yako na ufukwe. Unaangalia mwamba, unaona bado mkavu, ukigeuka unakuta maji ya kiuno mahali ulipopita na viatu. Mtu mzima atavuka. Mtoto wa miaka mitano hapana, na mikondo ya mifereji ile ina nguvu. Jua saa ya maji kupwa kabisa, na saa hiyo hiyo ikifika geuzeni, hata kama mmeona pweza. Mkiwaona wanawake wa mwani wanakusanya magunia, hakuna haja ya kuangalia saa.

Kama mko upande huo na mna gari, nendeni hadi Pingwe, karibu na Michamvi. Kuna mgahawa juu ya jiwe baharini. Maji yakipwa mnakwenda kwa miguu, yakijaa mnapelekwa kwa boti. Panga ufike kwa miguu uondoke kwa boti, watoto hawatakusikia ukilalamika bei.

Nungwi, Kizimkazi na viungo

Mkiwa kaskazini, kabla ya kuogelea nendeni wanakotengenezewa majahazi pwani ya Nungwi. Hakuna mashine kubwa. Fundi anachonga ubao kwa tezo, anatoboa kwa keekee inayovutwa kwa upinde, na anayepiga kalafati anasukuma pamba kati ya mbao kwa patasi, tok tok tok, mpaka ufa unameza. Mtoto wa kiume wa mjini aliyezoea vitu vinavyotoka dukani vimekamilika hukaa hapo saa nzima. Kasa wa bwawa la Mnarani watazameni, lishieni mkiruhusiwa, ila kuogelea nao ndani yake siungi mkono. Mikono ya watu wote wale na mafuta ya jua si dawa kwa kasa.

Kizimkazi watu huenda kwa ajili ya pomboo. Mimi sipeleki watoto. Boti nyingi hulikimbiza kundi moja, watalii wanarushwa majini mbele ya wanyama, pomboo wanazama, boti zinazunguka tena. Kama lazima, tafuta nahodha atakayezima injini mbali na kusubiri, na mtoto abaki botini. Lakini msikiti wa Kizimkazi Dimbani haukosekani: maandishi yake ya Kikufi, mtindo wa zamani wa hati ya Kiarabu, yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Mlinzi wake huwaelekeza wageni kwa utulivu. Wavae stara.

Mashamba ya viungo, Kizimbani na Kidichi, yawekeni akiba kwa siku ya mawingu. Fumba macho ya watoto kwa kanga, wanuse mdalasini, iliki, karafuu, mchaichai, wabashiri. Kungumanga likipasuliwa mbele yao, tunda la manjano na ndani kokwa jeusi lililovishwa basibasi jekundu, wanashangaa wote. Mzingefuri utawapaka midomo na mashavu, na rangi ile haitoki kwenye fulana nyeupe.

Adabu, mfuko na kurudi

Nguo za kuogea ni za ufukweni. Mjini na vijijini, mabega na magoti yafunikwe, wakubwa hasa. Kanga moja kwenye mkoba inatatua yote. Mwezi wa Ramadhani mchana watu wazima wasile wala kunywa hadharani, jambo hilo laweza kukufikisha polisi, na mtoto mdogo alishwe ndani au garini. Kwa upande mwengine, jioni za Ramadhani mji hauna mfano.

Gari ya shamba, yaani daladala ya kwenda vijijini, ni rahisi na watoto huipenda, 116 inakwenda Nungwi na 309 Jambiani, lakini mizigo, magunia na magoti ya watu hukutana humo. Kwa familia ya zaidi ya watu wanne, kukodi gari kwa siku mkagawana na familia nyingine hakuzidi sana. Mkubaliane kwa shilingi, si kwa dola, na mtaje vituo vyote mapema, pamoja na kile cha "tusimame kidogo tu".

Begani muwe na ORS, dawa ya maji ya homa, na plasta. Ikitokea kubwa, hospitali ya Mnazi Mmoja iko mjini, na hiyo ni sababu nyengine ya kutokwenda mbali na mtoto aliyeanza kuchemka.

Tiketi ya kurudi ikateni siku mliyokata ya kuja. Mwisho wa likizo za skuli boti hujaa, na wanaobaki bandarini Malindi na mabegi na halua zao ni wengi. Chukueni ya asubuhi, kabla upepo haujaamka vizuri.